Marufuku Kusalimia Gatini

Neno lilikuwa moja tu, tena lilisemwa kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayeomba apitishiwe chumvi: "Shika."

Papo hapo mikono sita ya chuma ikachomoka ubavuni mwa gati, minene kama mapipa ya lami, ikanyooka juu ya maji na kubandika viganja vyake vya mpira kwenye tishari la mbele. Viganja vikafyonza hewa yote iliyokuwa kati yake na chuma, vikang'ang'ania. Msafara wa matishari manane yaliyofungwa pamoja, yamejaa mawe ya lithi kutoka ng'ambo ya ziwa, ukatetemeka mara moja, kisha ukatulia. Hakuna kamba iliyorushwa. Hakuna mtu aliyekimbia wala aliyemtukania mwenzake mama. Kusi ilikuwa ikivuma kwa hasira zake zote siku hiyo, na haikufua dafu.

Injinia Leokadia Gwimo alisimama juu ya gati, mikono ameikunja kifuani, akautazama mtambo wake kama mama anayemtazama mwanawe aliyeshika nafasi ya kwanza darasani. Alikuwa ameupa jina Mshikizi. Kisha akawageukia watu waliosimama kando na mikono mitupu, hawana la kufanya, na uso wake ukabadilika. Mshikizi alikuwa na akili. Hawa je? Aliwaita "watu wa kamba", na aliendelea kuwaita hivyo hata baada ya kamba zenyewe kutupwa.

Ili uielewe jeuri yake, uielewe kwanza shida ya Bandari ya Ruhita. Enzi hizo Ruhita ulikuwa mji mkubwa kuliko yote mwambao wa mashariki wa Ziwa Tanganyika. Magari yalijiendesha, roboti zilifagia barabara, na dunia nzima ilikuwa na njaa ya lithi ya kuwekea umeme. Mawe hayo yalivuka ziwa kwa matishari, na matishari hayana injini. Yalisukumwa kutoka nyuma na chombo kilichoitwa kisukumizi, boti pana lenye pua bapa kama ukuta. Kisukumizi nacho hakikuwa na nahodha. Kiliongozwa na akili mnemba, na huko katikati ya maji akili hiyo ilikuwa bora kuliko nahodha yeyote, maana haikulewa, haikulala na haikugombana na mkewe kabla ya safari.

Shida ilikuwa kutia gati. Matishari yalifunikwa mapaa marefu ya bati ili mawe yasilowe, na mapaa yale yaliukinga upepo kama tanga ambalo hakuna aliyeomba litandazwe. Kusi ikivuma kutoka upande wa gati, inausukuma msafara urudi ziwani. Kwa hiyo unaingia kwa mshazari, omo mbele, yaani kichwa cha msafara kwanza, mpaka kona yake iguse dafrao, ule mto wa mpira unaolinda gati. Hapo unasubiri. Kisukumizi kinausogeza mkia taratibu mpaka ubavu mzima ulale sambamba na gati, ndipo unashika. Ukishika mapema, kichwa kimefungwa na mkia bado uko nje, upepo unaubeba mkia na msafara mzima unageuka kama mlango kwenye bawaba. Na yeyote aliyesimama penye bawaba, Mungu amsaidie.

Pale penye bawaba ndipo aliposimama mtu. Sheria ilitaka hivyo. Miaka ya nyuma, katika nchi fulani, lango linalojiendesha lilikuwa limewafungia watu katikati, na siku ya hukumu hakupatikana wa kujibu. Ndipo ikatungwa Sheria ya Neno la Mtu: mtambo wowote wenye nguvu ya kuponda usifunge mpaka kinywa cha mtu kiuambie, na mahali unapofungia lazima pawe na jicho la mtu. Ruhita ikaajiri msemaji wa gati, ambaye kazi yake yote ilikuwa kusema "shika" na "achia". Ikaajiri na Jicho, anayesimama kwenye kona ya tishari la mbele na kupiga kelele za umbali uliobaki: bado, bado, bado kidogo. Leokadia aliidharau sheria ile kwa moyo wake wote. Alisema serikali imeajiri watu wawili ili siku ya ajali apatikane wa kufungwa. Kwa hilo, tumpe haki yake, hakukosea sana.

Jicho aliitwa Serahangi Maulidi Kabirigi, serahangi maana yake msimamizi wa mabaharia. Msije mkamhurumia mapema. Huyu hakuwa mzee wa busara, hata kidogo. Alikuwa na tumbo kubwa, sauti kubwa, na uongo mkubwa kuliko vyote viwili. Alipenda kusimulia jinsi ujanani alivyotia gati matishari kumi na mawili peke yake, katika dhoruba, kwa kamba moja. Waliokuwepo siku hiyo walikumbuka kwamba alikuwa amelala. Mambo ya upepo aliyajua kiasi cha mtu mwingine yeyote aliyezaliwa kando ya ziwa, basi. Lakini kitu kimoja alikifuatilia bila kuchoka, nacho ni heshima yake. Mdogo akimpita kimya, Kabirigi alikuwa akimjibu salamu ambayo hakupewa: "Marahaba!" Alilitoa kwa sauti ya kusikika mpaka maghalani, ili kila mtu ajue kuna mtoto amekosa adabu.

Leokadia alikuwa rika la binti yake wa nne, na hakuwahi kumsalimia. Kila asubuhi alipopita na kofia yake nyeupe na miwani yake ya hesabu, ile inayoandika tarakimu machoni mwa mvaaji, sauti ilimfuata mgongoni: "Marahaba, mwanangu!" Gati zima likacheka. Ilimuunguza. Siku akijitahidi sana alisema "Habari za kazi" bila kugeuza shingo, kama mtu anayemtupia kuku punje. Aliona aibu kwamba yeye, aliyesomea mitambo katika vyuo vitatu, alikuwa anadaiwa adabu na kijibaba kinachopiga kelele za "bado" juu ya tishari.

Basi ikaja siku nyingine ya majaribio, masikio ya mtambo yamefunguliwa yasikie kinywa chochote gatini. Upepo ulikuwa mwanana, gati tupu, mikono ya Mshikizi imejikunja ndani. Akapita binti mmoja wa bandari, Nyamizi, mfungaji wa maturubai. Akamkuta Kabirigi amekaa kwenye jiwe, akapiga goti kama alivyofunzwa kwao, akasema, "Shikamoo, serahangi."

Mikono sita ikachomoka. Ikaruka juu ya maji matupu, ikakutana na pipa la plastiki lililokuwa likielea hapo, na pipa likapasuka kwa mlio uliowainua ndege wote wa bandari. Kisha Kabirigi akaanza kucheka. Alicheka mpaka akateleza kwenye jiwe lake.

"Injinia," alisema akijifuta machozi, "mtambo wako una adabu kukuzidi. Umesikia shika-moo, ukashika. Ndiyo maana yake hiyo, nashika miguu yako. Wewe uliyesoma hukuijua?"

Leokadia alikuwa ameshaelewa. Mshikizi hakungoja neno liishe. Ndivyo alivyomfundisha mwenyewe. Akisikia silabi mbili tu, shi na ka, mikono iko njiani. Dawa yake aliijua palepale: amfundishe kungoja kimya kidogo baada ya neno, kimya kifupi kuliko kupepesa jicho, ili ajue kama neno limekwisha au linaendelea. Ila angefanya hivyo, Mshikizi angekuwa mzito kwa huo mpepeso mmoja. Mbele za watu alieleza kwamba kwenye upepo wa kusi mpepeso ni mwingi, kiganja kinachongoja kinaweza kukuta ubavu umeshasogea. Ukweli ni kwamba alikuwa ameshajigamba kwa mainjinia wa maziwa yote makuu kuwa hakuna mtambo wa kutia gati ulio mwepesi kama wake. Majigambo, ndugu zangu, ni mali ambayo mtu hakubali ipungue hata kwa kupepesa.

Kubadili neno nako kulishindikana. Ungeweza kusema "kamata", ungeweza kusema "bana". Lakini wakaguzi walikuwa wameshalipima neno "shika" na kuligongea muhuri, na kulibadili kungerudisha ukaguzi mwanzo, wakati siku ya uzinduzi iko mlangoni. Mkurugenzi wa bandari, Bwana Ruhuza, mtu laini mwenye mikono ya jasho, alisema tafadhali, tafadhali, lisiguswe neno. Kwa hiyo wakabaki watu. Watu ndio rahisi kurekebisha, hawahitaji muhuri. Siku ya pili kikatundikwa kibao gatini kwa herufi nyekundu: NI MARUFUKU KUSALIMIA GATINI.

Leokadia aliwakusanya akawaeleza kwa ufupi. Salamu mtapeana nyumbani, hapa ni mahali pa kazi. Kabirigi akamjibu kwamba kwao mtu anayepita watu kimya ni mwizi au ni mchawi, akamuuliza yeye ni yupi kati ya hao. Leokadia akasema hayo ya kwao ndiyo yaliyomfanya azeekee juu ya tishari. Mkurugenzi alicheka, na alicheka peke yake.

Sasa sikiliza watu walivyo. Marufuku ilihusu shikamoo, maana ndiyo yenye "shika". "Marahaba" haikumshughulisha Mshikizi hata chembe. Kwa hiyo vijana wa bandari wakazoea kupita mbele ya wakubwa wao na kuinama kimya, mkono kwenye goti, midomo imebanwa, na mkubwa anaitikia: "Marahaba." Nusu ya salamu ilikatwa, nusu ikabaki, na haikupita muda bandari nzima ikawa inaishi kwa hiyo nusu. Hata wageni waliipenda. Leokadia aliwatazama akiona maigizo ya mabubu. Yeye hakuinama. Na kila asubuhi, kibao kiwepo kisiwepo, ile "Marahaba, mwanangu!" ilimfuata mgongoni.

Msidhani lakini kwamba shikamoo hakuwa nayo. Alikuwa nayo, tena tamu. Kule wizarani, kwenye korido za mazulia, ilimtoka yenyewe, laini kama mafuta ya mawese yaliyopata moto, na magoti yakilegea bila kutumwa. Alimshikamoo Mkurugenzi. Aliwashikamoo makatibu. Mara moja alimshikamoo mlinzi kwa kumdhania ni kamishna, akakasirika kutwa nzima kwa kuipoteza. Ile haikuwa salamu kwake, ilikuwa ngazi, na hakuna anayepanda ngazi akakumbuka kuvitaja vidato vyake. Ndiyo maana alipotunga kile kibao hakuwaza kwamba kinamhusu yeye. Kilihusu watu wa kamba.

Siku ya uzinduzi kusi iliamka mapema kuliko wageni. Ilishuka na vumbi, ikakata vichwa vya mawimbi, ikang'oa nusu ya mapambo. Viti vilipangwa gatini, vikaanguka, vikapangwa tena. Waziri alichelewa, kama kawaida ya mawaziri. Msafara wa matishari ukafika kabla yake, ukasimama nje ya bandari, na akili ya kisukumizi ikauliza kwa sauti yake ya upole kwenye vipaza sauti vyote: "Upepo umezidi kiasi. Napendekeza tungoje. Tungoje?"

Mkurugenzi akamtazama Leokadia kwa macho ya kuomba. Televisheni zilikuwa zimeshafunguliwa, msafara wa Waziri umeonekana barabarani. Na ilikuwa imeamuliwa kwamba msemaji wa gati akanywe chai, ili siku hiyo neno lisemwe na kinywa cha mvumbuzi mwenyewe, Waziri akiona. Leokadia alikuwa na maiki ndogo mdomoni, kofia mpya kichwani. Hakusita.

"Usingoje," alisema. "Ingia."

Na nikiri, kwa muda ule alikuwa mzuri kazini. Aliusoma upepo kwenye miwani, akaitaka akili ya kisukumizi iongeze mshazari, iongeze tena, isiogope. Matishari manane yakaja yameelekeza kichwa gatini na mkia mbali ziwani, yakipigwa na maji ubavuni. Kwenye kona ya mbele alisimama Kabirigi, amevaa fulana mpya ya rangi ya chungwa, tumbo mbele. Alijua anapigwa picha. Alikuwa ameweka mguu mmoja ukingoni na mwingine karibu nao, kiuno ameshika, kama ndiye anayeyavuta matishari kwa macho. Kanuni ilisema Jicho asimame hatua mbili nyuma ya ukingo. Leokadia aliliona hilo na akalidharau, kama alivyodharau kila kitu chake. Mwache ajishebedue, alijisemea. Sitasema neno mpaka ubavu ulale.

"Bado!" Kabirigi alipiga kelele. "Bado! Bado!"

Kona ilikuwa imekaribia dafrao lakini haijagusa. Mkia ulikuwa bado nje, mbali, upepo ukiuchezea.

Nyuma ya Leokadia watu wakasimama kwa pamoja. Viti viwili vikaanguka. Waziri alikuwa amefika, mzee mrefu mwenye fimbo, na alikuwa anamjia yeye moja kwa moja, mkono ameshaunyoosha. Mkurugenzi akamgusa Leokadia kiwiko. "Msalimie," alinong'ona. "Injinia, msalimie."

Leokadia akageuka. Magoti yakalegea yenyewe.

"Shikamoo, Mheshimiwa."

"Marahaba," alisema Waziri, kwa sauti nzito ya mtu aliyezoea majukwaa, lakini mikono sita ilikuwa imeshachomoka.

Ilifika ilikofika. Viganja vinne vilikosa, viwili vikapata kona ya tishari, vikafyonza, vikang'ang'ania kama vilivyofundishwa. Kichwa kikafungwa. Upepo ukaubeba mkia, msafara mzima ukaanza kugeuka, taratibu, hivyo tu, kama mtu anayefunga mlango wa ghala bila haraka. Uso wa tishari ukaja kuegemea gati. Ule mshtuko wa kwanza ulikuwa umemtupa Kabirigi mbele, akaangukia ukingoni akiwa amekaa, miguu inaning'inia nje, kati ya chuma na dafrao. Neno lake la mwisho kabla ya kelele lilikuwa lilelile la kazi yake. Alisema "bado".

Kulikuwa na neno moja la kumfungua. "Achia." Mshikizi alikuwa tayari kulisikia kutoka kinywa chochote pale gatini, na maiki ilikuwa mdomoni mwa Leokadia, na mkono wa Waziri ulikuwa bado ndani ya mkono wake. Aligeuza kichwa, akaona. Akamgeukia tena Waziri, na kilichomtoka kikapaa kwenye vipaza sauti vyote vya bandari:

"Samahani, Mheshimiwa."

Samahani, Mheshimiwa! Mtu anasagwa miguu, na huyu anaomba radhi kwa kukatiza kusalimiana. Nimejaribu kumtetea katika mengi, lakini hapa sina neno. Nyamizi ndiye aliyepiga ukelele, kutoka nyuma ya kamba ya wageni, "Achia! Achia!" Mikono ikaachia mara moja, kwa wepesi ule uliosifiwa, na msafara ukasukumwa na upepo kurudi ziwani. Serahangi Kabirigi akachukuliwa na roboti mbili za zahanati ya bandari. Hakuwa anapiga kelele tena.

Tume iliundwa. Ilikaa, ikanywa chai, ikatembezwa gatini, ikasikilizishwa sauti zilizorekodiwa: shikamoo, kishindo, marahaba. Ikaona kwamba mtambo hauna kosa, umelitii neno ulilosikia. Ikaona kwamba Sheria ya Neno la Mtu haikuvunjwa, kwani neno lilitoka kinywani mwa mtu. Ikabaki kusema ni mtu gani, na alikuwa anamwambia nani, na hapo kalamu za wajumbe zikawa nzito. Huwezi kuandika shikamoo bila kuandika aliyeitikia. Basi wakazunguka, wakazunguka, mwisho kosa wakalipa upepo. Upepo mkali usio wa kawaida. Sheria iliyotungwa ili asikosekane mtu wa kujibu ikaikuta kusi na hatia, na kusi haina mkono wa kutiwa pingu. Pamoja na hayo tume ikamlaumu kidogo Jicho, kwa kusimama ukingoni. Na kile kibao ikashauri kiongezwe maneno: VIONGOZI PIA.

Wahenga walisema mdharau mwiba mguu huota tende. Wahenga hawakuiona Ruhita. Huku mmoja hudharau mwiba, na mguu unaopotea ni wa mwingine.

Leokadia hakufukuzwa wala hakushushwa cheo. Wiki ileile alikaa mbele ya kioo cha Mshikizi, akamfundisha kungoja. Ilikuwa kazi ya asubuhi moja, hata chai yake haikupoa. Kesho yake msafara mwingine ukaja, kusi ikivuma vilevile. Msemaji akasema "shika", mikono ikachomoka, ikashika. Leokadia alikuwa amesimama palepale, masikio ameyatega, asikie ule mpepeso alioukataa. Hakuusikia. Akamuuliza msemaji kama ameona mtambo umekuwa mzito. Msemaji akashangaa, akasema hajaona tofauti yoyote. Akawauliza wafunga maturubai, nao hivyohivyo. Nyamizi hakumuuliza, kwa sababu Nyamizi alipomwona anakuja aligeuka akaondoka. Ndipo Leokadia akaenda kando ya ghala, akatapika.

Mchana wake alikwenda hospitali.

Njiani alijiandalia maneno, mazuri, yenye mpangilio. Angeeleza jinsi silabi zinavyosikika, jinsi upepo ulivyozidi makadirio, jinsi alivyokwisha kurekebisha. Akaingia wodini nayo yote mdomoni. Kabirigi alikuwa amekaa kitandani, ameegemea mito, amekonda uso, tumbo limebaki. Wagonjwa wa vitanda vya jirani walikuwa wakimsikiliza akisimulia habari za matishari kumi na mawili na kamba moja. Alipomwona akanyamaza. Shuka jeupe lilimfunika kuanzia kiunoni, likainuka juu ya mapaja, na kuanzia magotini lilikuwa limelala tambarare mpaka mwisho wa kitanda.

Yale maneno yalimkauka. Leokadia aliweka kofia yake sakafuni, akapiga magoti, yote mawili, mpaka yakagusa saruji, kitu ambacho wizarani hakuwahi kukifanya.

"Shikamoo, serahangi."

Alingoja marahaba. Huyu alikuwa mtu aliyempa marahaba kila asubuhi bila kuombwa, aliyeitupa hovyo mpaka maghalani, na sasa aliitaka kwa njaa ambayo hakuwahi kuwa nayo kwa kitu chochote, cheo wala sifa. Kabirigi alimtazama. Hakuwa na hasira usoni. Ilikuwa dharau tu, safi, ileile ambayo Leokadia mwenyewe alikuwa akimtazama nayo muda wote, sasa inarudi nyumbani.

Akaunyoosha mkono, akalishika shuka, akalifunua kutoka magotini kwenda chini.

"Haya," alisema. "Ishike."

Leokadia aliunyoosha mkono wake, kwa sababu alikuwa ameshasema neno na hakujua la kufanya jingine. Mkono ukagusa godoro.